Jeep Grand Cherokee ya 2012 hapa Dodoma: gari tamu ila haina ndugu mjini

Wakuu, kila nikiipaki hii gari kuna mtu ataizunguka, atachungulia dashibodi, halafu swali ni lilelile, "inakulaje mafuta, na spea unatoa wapi?" Naandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Ni Jeep Grand Cherokee ya 2012, toleo la Laredo, petroli, V6 ya lita 3.6, usukani kulia kwa sababu iliuzwa kwanza Japan, namba D. Niliichukua hapahapa Dodoma kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anahamishwa kituo, na bei tuliyokubaliana ni ile ambayo ungepata Harrier tako la nyani iliyotunzwa. Hapo ndo wengi wanapopagawa, yani nguvu farasi 286, 4WD ya ukweli, body lote hilo, kwa hela ya Harrier? Ndio, kwa hela ya Harrier. Lkn bei haijashuka bure, ina sababu zake, na nyingi kati ya hizo sababu wala haziko ndani ya gari yenyewe.

Tuanze na utamu. Ukitoka Dodoma asubuhi kuelekea Moro, ukishapita Kibaigwa unaanza kukutana na malori yamejipanga, yanapanda kwenda Gairo kwa mwendo wa kutambaa, na ukiwa na gari ya cc 1500 pale huwa unapiga hesabu, unachungulia, unarudi, unachungulia tena, mama watoto pembeni anashika mlango. Hii unakanyaga kidogo tu imeshapita na umerudi upande wako. Imetulia barabarani, upepo wa lori ukikupiga haiyumbi, kelele za nje huzisikii, watoto nyuma wanalala mpaka Moro. Ubaya wa huo utulivu ni kwamba mwendo pia huusikii, unajikuta uko 120 na kibao cha 50 ndo hicho na jamaa wenye tochi wako chini ya mti wanakusubiri kwa tabasamu. Macho yasitoke kwenye spidomita.

AC nayo niiseme. Mwezi wa kumi Dodoma mnaujua. Unaiacha gari juani pale Mtumba tangu asubuhi, ukirudi jioni steringi haishikiki. Hii ukiwasha, kabla hujafika Nzuguni mko vizuri wote mpaka waliokaa nyuma, maana nyuma wana matundu yao ya hewa.

Na porini. Nina kashamba ka zabibu upande wa Hombolo, masika yakichanganya kile kipande cha mwisho kinakuwa tope jekundu na kuna korongo la mchanga ambalo jirani yangu aliacha gari yake ndogo hapo mpaka likaja trekta. Karibu na gia kuna kitufe cha kuzungusha chenye chaguo tano, kawaida, mchanga na tope, mawe, sport, na theluji. Theluji, Dodoma hii! Mwanangu mdogo aliwahi kukigeuza huko akakaa dirishani anaangalia juu. Lakini ile ya mchanga na tope nakwambia inafanya kazi, unaisikia kabisa inagawa nguvu huku na kule, tairi moja ikiteleza nyingine inavuta, unavuka huku umeshika usukani kwa adabu tu. Kwa upande huo sina cha kulalamika.

Sasa mafuta. Takwimu za EPA, wale wakala wa mazingira wa Marekani, kwa hii injini ikiwa na 4WD ni maili 16 kwa galoni mjini na 22 hivi safari ndefu, ukizigeuza kwa lugha yetu ni karibu kilomita 7 kwa lita mjini na 9 na kidogo barabara kuu. Na ndo hivyohivyo inavyokula, haijanidanganya. Mjini hapa, Area C, Majengo, Sabasaba, kwenda na kusimama, usitegemee zaidi ya hiyo 7. Tenki lita 93. Ukisema "jaza" mhudumu wa sheli anakuangalia mara mbili kama umemaanisha. EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nikisikia tetesi za kupanda, Jumanne jioni niko kwenye foleni.

Dodoma mpaka Dar ni kama kilomita 450, ina maana lita karibu 50 kwenda tu, kurudi hujagusa. Treni ya SGR ilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000. Hesabu hiyo haihitaji kalamu. Nikiwa peke yangu napanda treni, Jeep inabaki Kisasa, nikiwa na familia na mizigo na mkungu wa ndizi wa bibi ndo inatoka. Kumiliki gari siku hizi Dodoma kwangu imekuwa hivyo, ni ya mjini, shamba, na safari za ukoo, ile habari ya kuwahi kikao Dar na kurudi kwa gari yako imeanza kuwa ufahari tu.

Haya tufike penyewe. Hapa mjini ukiwa na Toyota una ukoo. IST ikizingua Nkuhungu fundi yuko hatua mbili, spea ziko duka linalofuata, mpya, used, ya Kichina, ya Dubai, unachagua kulingana na mfuko, na kama fundi hana jibu basi dereva bajaji anayepita ana jibu. Hata ikizimika Manyoni saa nne usiku atatokea mtu tu mwenye plagi ya ziada kwenye buti. Jeep haina hiyo. Haina mjomba, haina shangazi, haina binamu. Haijawahi kunilaza njiani, hilo naliweka wazi kabisa, lakini kila sevisi ni shughuli ya kuitafutia ndugu.

Chukua oili filta, kitu kidogo kabisa. Kwenye magari yetu mengi ni kopo la chuma, fundi anaingia chini, analifungua, analitupa. Kwenye hii 3.6 filta ni karatasi tupu, inakaa juu ya injini, katikati ya V, ndani ya kifuniko cha plastiki kinachofunguliwa kwa soketi ya 24. Kazi safi, huingii chini, hata shati halichafuki. Sasa kuanzia modeli ya 2014 walibadilisha hiyo filta, umbo lingine, ya zamani na mpya haziingiliani. Kuna duka la spea Dar niliwasiliana nao, wale wa kutuma kwa basi, nikawatumia picha, mwaka wa gari, namba ya chesisi, kila kitu. "Bosi hiyo tunayo, orijino kabisa." Nikatuma hela. Kifurushi kimefika stendi ya Nzuguni, nafungua, ni ya 2014. Napiga simu, kijana ananiambia, "bosi mwambie fundi aikate kidogo kwa chini itaingia tu." Aikate! Oili filta aikate na wembe! Nikamwambia kaka, wewe ya kwako huwa unaikata? Kimya. Hela hawakurudisha, waliniambia nikifika Dar nipite dukani nichague kitu kingine cha thamani hiyo, sasa kwenye duka zima la spea za Kijapani nichague nini, niweke wapi. Siku hizi naagiza nje mwenyewe kwa boksi zima, inachukua wiki kadhaa lkn inakuja inayoingia.

Halafu giaboksi, hapa nikae kidogo. Hii gari haina kile kijiti cha kupimia haidroliki, yani oili ya giaboksi, fundi mpaka awe na kifaa chake cha kupimia na ajue joto la giaboksi liko ngapi wakati anapima. Na haidroliki yenyewe sio ile nyekundu ya kila duka, kitabu cha gari kimeandika ATF+4. Niliipeleka sevisi kwenye gereji moja kubwa hapa mjini, jina naliacha, wana lifti mbili na kompyuta na kijana wa mapokezi, kumbe wakamwaga ya kwao ya kwenye dumu na kipimo wakatumia macho. Baada ya hapo gari ikawa inapiga ngumi ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Nikairudisha. Jibu likawa, "mzee giaboksi imekufa, hizi za Mmarekani ndo zilivyo, tafuta used." Bei ya hiyo used waliyonitajia ungenunua bodaboda mbili mpya na chenji ya kuzikatia bima.

Rafiki yangu mmoja akaniambia kabla hujafanya ujinga peleka Chang'ombe, ya hapahapa Dodoma, kwa mzee fulani, fundi wa Benzi tangu enzi za magari ya serikali. Nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hilo ni Jeep? Mimi ni mtu wa Benzi." Nikamwomba aangalie tu. Akavua kofia, akalala kwenye boksi lake, akaingia chini na tochi, kimya kirefu, halafu nikasikia anacheka hukohuko chini. Akatoka akanigonga bega. "Mwanangu, hii sio ya Mmarekani. Sampo hii naijua, hii ni ya Benzi, nimefungua nyingi kuliko nywele zako." Akamwaga yote, akasafisha, akaweka filta mpya ambayo, sikilizeni, alikuwa nayo kwenye kabati, akaniagizisha ATF+4, akaipasha gari joto, akapima kwa kijiti chake mwenyewe alichokitunza kwenye kitambaa. Hakuna giaboksi iliyokuwa imekufa. Sasa inabadilisha gia husikii kitu.

Kwa hiyo kumbe ilikuwa na mjomba Chang'ombe siku zote.

Na sababu ya huo undugu ndo stori yenyewe ya viwanda vya magari vya Marekani, kwa sababu hii gari imepita katikati ya ile tafrani yote. Mwaka 1998 Daimler, wenye Benzi, waliichukua Chrysler, mama mwenye Jeep, kwa dola bilioni 36 hivi, wakatangaza kwamba ni muungano wa walio sawa. Haukuwa wa walio sawa hata siku moja, Mjerumani ndo alikuwa anaongea. Lakini ndani ya hiyo miaka wahandisi wakaanza kuchora pamoja chasisi ya Benzi ML na ya Grand Cherokee mpya, na giaboksi ya Benzi ya gia tano ikaingia kwenye magari ya Chrysler. 2007 Mjerumani akachoka, akauza asilimia 80 ya Chrysler kwa mfuko wa uwekezaji unaoitwa Cerberus kwa dola bilioni 7.4. Kutoka 36 mpaka hapo. Talaka ikatoka, mimba ikabaki.

Halafu ikaja 2008. Kule kwao petroli ilipita dola 4 kwa galoni msimu ule wa kiangazi, na Detroit, yani makampuni makubwa ya magari ya Marekani, walikuwa wameweka mayai yote kwenye pickup na ma-SUV makubwa kwa sababu ndo yalikuwa na faida nono, gari ndogo walikuwa wanatengeneza ilimradi. Juu ya hapo walikuwa na mzigo wa pensheni na matibabu ya wastaafu, GM (General Motors) wenyewe walikuwa wanasema matibabu peke yake yanaongeza zaidi ya dola 1,500 kwenye kila gari. Mabenki yakaanguka, mikopo ya magari ikakauka, maana Mmarekani gari hanunui kwa keshi kama sisi tunavyojibana, ananunua kwa mkopo. Mwezi wa 11 mwaka huo mabosi wa GM, Ford na Chrysler wakaenda Washington kuomba hela kwa Bunge, kila mmoja na ndege yake binafsi. Ndege tatu kwenda kuomba msaada! Wabunge waliwachamba kisawasawa, mara ya pili wakaja kwa barabara. Ford mwishowe hawakuchukua ile hela ya uokoaji, walikuwa wameshakopa mabilioni mapema 2006 kwa kuweka rehani karibu kila kitu mpaka nembo. Chrysler ikafilisika tarehe 30 Aprili 2009, GM ikafuata 1 Juni. GM hii ninayoisema ndo iliyoongoza dunia kwa kuuza magari tangu 1931 mpaka Toyota walipoipita 2008. Pontiac, Saturn na Hummer zikafungwa. Serikali yao iliweka kwenye sekta nzima dola bilioni 80 hivi, na kwa upande wa GM peke yake walipomaliza kuuza hisa mwaka 2013 walikuwa wamepoteza zaidi ya bilioni 10.

Chrysler ikachukuliwa na Fiat, Muitaliano, chini ya Sergio Marchionne. Na gari ya kwanza kubwa kuitoa baada ya kufilisika ilikuwa hii Grand Cherokee, ile iliyochorwa na Mjerumani akiwa bado ndani ya nyumba. Ilianza kutengenezwa Mei 2010 kiwanda cha Jefferson North, Detroit penyewe, na Obama alienda kiwandani hapo Julai mwaka huohuo kuonyesha kwamba hela ya walipa kodi haikupotea. Sasa wewe angalia, chasisi ndugu na Benzi, mwenye nyumba Muitaliano, kiwanda Detroit, mnunuzi wa kwanza Mjapani, na sa hivi inabeba zabibu Hombolo. Baadaye wakawa FCA, yani Fiat na Chrysler kampuni moja, 2021 wakaungana na Wafaransa wa Peugeot wakawa Stellantis. Muulize muuza spea "hii ni kampuni gani" uone atakavyokuna kichwa, na sio kosa lake.

Utasikia mafundi wengi wanasema Mmarekani hajui gari. Mimi siamini hivyo. GM walikuwa na kiwanda Fremont, California, kilikuwa na sifa mbaya kweli, utoro, magari mabovu, wakakifunga 1982. 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, wakaajiri wengi wa walewale wafanyakazi wa zamani, chama chao kilekile, na magari yakatoka safi ya kushindana na ya Japan. Watu walewale! Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi na nani anasikilizwa pale kwenye mstari. GM waliliona hilo kwa macho yao robo karne na bado kulisambaza kwenye viwanda vyao vingine ikawa shughuli ya kusuasua. Kiwanda kilifungwa 2010, sa hivi ni cha Tesla. Kwa hiyo mikono ya kutengeneza gari nzuri ipo, tatizo lilikaa ofisini.

Na ofisini ndo palipoamuliwa pia kwamba mimi na wewe sio wateja. Chrysler 2016 walitangaza kuachana na gari zao ndogo za saluni, Ford wakatangaza hivyohivyo 2018 kwa soko la kwao, wabaki na SUV na pickup. GM 2017 waliuza hisa zao za kiwanda cha Nairobi kwa Isuzu, wakaondoka Afrika Kusini pia. Wakati huohuo Mjapani gari zake za kawaida kabisa, usukani uko upande wetu, injini ndogo, wenyewe wanazibadilisha mapema, meli inazileta Dar kila siku. Ukishakuwa na IST elfu na elfu barabarani, fundi anajifunza IST, muuza duka anajaza IST, mwizi wa sait mira naye anaiba ya IST kwa sababu ina soko. Gari kubwa la Kimarekani lilitengenezwa kwanza kwa barabara za Texas, usukani kushoto, na hata likiwepo la usukani kulia, ukifika bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa unaopanda na cc, na ikizidi umri kuna uchakavu juu yake. Nani aagize? Ndo maana ziko chache, na kwa kuwa ziko chache hazina ndugu, na kwa kuwa hazina ndugu bei inashuka, na mimi nikaipata kwa hela ya Harrier.

Cha kuchekesha ni kwamba Mmarekani mwenyewe siku hizi gari mpya inamshinda. Septemba 2025 wastani wa bei ya gari mpya kwao ulivuka dola 50,000, na wastani wa umri wa magari yaliyoko barabarani ulikuwa miaka 12.6 mwaka 2024. Yani wanatembelea mikoko ya umri wa hii yangu, tofauti ni kwamba wao duka la spea liko kila kona.

Unaetaka kununua, haya ni mambo yanayojulikana rasmi kuhusu hii modeli, sio umbea. Magari ya mwaka wa modeli 2011 yaliitwa kiwandani mwaka 2014 kwa sababu ya rilei ya pampu ya mafuta kwenye boksi kuu la umeme, gari inaweza kugoma kuwaka au kuzima, hivyo ukikuta ya 2011 uliza kama ilirekebishwa. Injini za 3.6 za 2011 mpaka 2013 baadhi zilikuwa na tatizo la silinda hedi ya upande wa kushoto, kampuni ikaongeza warranti yake mpaka miaka 10, sasa hiyo miaka imeshapita kwa hiyo ukisikia mlio wa tik tik tik kwa juu wakati injini imepoa na ukiendelea hata ikipata moto, shukuru muuzaji, ondoka. Na za 2014 na 2015 zenye gia nane zilikuwa na gia lever inayorudi katikati kila ukiisukuma, mtu anashuka akijua ameweka P kumbe haiko P, waliita magari zaidi ya milioni 1 duniani kote mwaka 2016. Hiyo ni ya hatari kweli, usiichukulie poa, mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi au kaa nayo mbali.

Nenda na fundi umeme anayejua hizi, sio fundi umeme wa redio na alam. Pima kwa mashine inayosoma Chrysler, maana hizi za kawaida zinasoma nusu halafu fundi anaanza kubuni. Rejeta na kulanti viangaliwe kwa makini kwa sababu joto la huku halina utani, na mtu akikwambia ameongeza maji ya bomba, punguza bei hapohapo.

Kuuza tena ni mtihani, tusidanganyane. Dalali wa hapa akiona Jeep anavuta pumzi, anakwambia "wateja wa hizi bosi ni wa kutafuta," tafsiri yake atakupa bei ya kukufukuza. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha gari kila mwaka, au gari ndo mtaji wa dharura mtoto akiumwa uuze kesho, kaa na Toyota yako ulale usingizi. Kama ni gari ya kwanza na pekee nyumbani pia hapana. Ila kama una kausafiri kengine ka kila siku, una subira ya kuagiza spea kabla haijaharibika, na barabara zako ni za Mpwapwa, Kondoa, mashambani huko, kwa hiyo hela hakuna kitakachokupa raha hii. Mimi naipa 7 kwa 10. Ingekuwa Johannesburg ningeipa 9.

Wanaoniulizia bei, siuzi. Ila kama kuna mtu Singida, Manyoni au hapahapa mjini ana ya 2011 mpaka 2013 yenye hii 3.6, tuwasiliane tuunganishe oda ya filta na ATF+4, mzigo unaofuata naagiza mwisho wa mwezi na nauli ya boksi moja au manne karibu ni ileile. Namba ya mzee wa Chang'ombe nitakupa pia, ila kwake nenda asubuhi, mchana analala.